Wenzake wana makaburi, yeye ana jina tu ukutani

*Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nimeoa Uingereza na tunaishi na bibi wa mke wangu, ana miaka 93. Kaka yake alikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege ya mabomu aina ya Lancaster. Alipotea usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944 walipokwenda kuipiga Nuremberg. Bibi alikuwa na miaka 11. Sandukuni mwake kuna telegramu, barua ya kamanda wa kikosi, daftari la safari zake za ndege lenye mhuri ukurasa wa mwisho, na barua aliyoandika wiki ileile akisema wameziona tena "sanamu za kutishia" za Wajerumani angani. Ndege ilikuwa na watu saba: wanne wamezikwa Durnbach, Ujerumani, wawili walikamatwa wakarudi baada ya vita, yeye jina lake limechongwa ukutani Runnymede, Uingereza, basi. Familia inaamini serikali ilificha kitu. Waliambiwa "hajulikani alipo", wakakatazwa kuzungumza na magazeti, baada ya miezi sita wakaandikiwa kwamba amekufa, na vitu vyake vikaja vimepungua. Sasa bibi ananiomba mimi, mjukuu mkwe, nimtafutie. Nianzie wapi? Na je, nitamsaidia au nitamtonesha kidonda?*

Ndugu yangu, mfikishie bibi salamu. Nitaanza na hilo la kufichwa, kwa sababu familia ikishaamini imedanganywa, hata karatasi ya kweli ikija wataisoma kwa jicho la shaka.

Jiweke asubuhi ile kwenye ofisi ya kikosi. Ndege zimerudi isipokuwa baadhi. Karani anapiga hesabu ya mafuta: saa ambayo matangi ya Lancaster yangekuwa makavu imeshapita. Anasubiri simu kutoka viwanja vingine, maana marubani wengi walitua popote walipoona taa. Simu haiji. Hicho ndicho kitu pekee ambacho kikosi kilikijua: ndege iliruka, haikurudi. Katika kumbukumbu za vikosi vya wakati ule utakuta mstari mmoja mkavu, kwamba tangu kuruka haikusikika tena. Usiku huo walikwenda 795, na 95 hazikurudi, hasara kubwa kuliko zote za usiku mmoja kwa Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya jeshi la anga la Uingereza, katika vita nzima. Zidisha kwa watu saba uone telegramu ngapi zilipaswa kutoka. Neno "hajulikani alipo" lilikuwa ukweli wote waliokuwa nao.

Kukatazwa kuongea na magazeti kulikuwa na sababu ambayo familia nyingi hazikuelezwa vizuri. Kijana aliyeruka kwa parachuti Ubelgiji au Ufaransa angeweza wakati huohuo kuwa amefichwa ghalani kwa mkulima, akisubiri kupitishwa kwa siri hadi Hispania. Kulikuwa na mitandao ya raia iliyofanya kazi hiyo, wa Comète ukiwa mmojawapo, na waliokamatwa wakiifanya walipelekwa kambini au waliuawa. Gazeti la mji mdogo wa Uingereza likitangaza jina, cheo na usiku wa kupotea, Mjerumani anajua bado kuna mtu wa kutafutwa.

Miezi sita nayo ilikuwa ya kisheria. Habari za waliokamatwa na waliokufa zilipitia Msalaba Mwekundu, Geneva. Wajerumani walitoa majina ya wale waliowatambua, na wasiowatambua wakawahesabu tu. Ikipita miezi sita bila kadi ya mfungwa, bila barua, bila taarifa ya Geneva, Wizara ya Anga ilimhesabu mtu kuwa amekufa "kwa madhumuni ya kiserikali". Lengo lilikuwa mirathi ifunguliwe na pensheni ilipwe. Haikumaanisha kwamba kuna aliyeuona mwili. Wazazi wengi waliisoma barua ile kama hukumu, na wengine waliendelea kuweka sahani mezani. Pande zote mbili hazikukosea, kwa sababu barua yenyewe haikusema alikufaje wala wapi.

Vitu kupungua kuna jibu la kuudhi kidogo, lakini si la njama. Kila kituo kilikuwa na kamati ya kukusanya mali za waliopotea. Mara nyingi walifika kitandani kwa mtu siku ileile, kabla wenzake wa chumbani hawajaamka vizuri. Kila kitu kiliorodheshwa: saa, soksi, kalamu, vitabu. Mali ya serikali ilirudi stoo. Barua zilipitiwa, na zile ambazo zingemuumiza mama au mchumba, kwa mfano za msichana wa pili, ziliondolewa. Kilichobaki kilipelekwa ghala kuu la Colnbrook, karibu na Slough, kikakaa huko hadi hatima ya mwenyewe ijulikane. Kwa hiyo kama bibi anakumbuka kaka yake alikuwa na daftari la mambo ya moyoni na halikurudi, huenda hapo ndipo lilipopotelea.

Sasa kaburi. Watu hudhani watu saba waliokuwa ndege moja lazima wapatikane mahali pamoja. Lancaster iliyopigwa ilikuwa na maelfu ya lita za petroli kwenye mabawa na tani kadhaa za mabomu tumboni. Ikilipuka angani, au ikikatika, watu huanguka mbalimbali, wengine kilomita kadhaa kutoka kwa mabaki. Mkia mara nyingi ulikatika peke yake. Wanavijiji au wanajeshi wa Kijerumani waliwazika kwenye makaburi ya kijiji kilicho karibu. Ndiyo maana baada ya vita maiti walifukuliwa na kukusanywa kwenye makaburi makubwa kama Durnbach, kusini mwa Munich, ambako wengi waliolala ni wanahewa walioangushwa Bavaria, Württemberg, Hessen, Thuringia na Austria.

Kumtambua mtu ndiko kulikokuwa kugumu. Vibao vya utambulisho ambavyo wanahewa wa Uingereza walivaa shingoni vilikuwa vya faiba iliyokandamizwa, si chuma. Moto unavila. Mwaka 1945 hadi mwisho wa miaka ya 1940, kitengo maalumu cha jeshi la anga kilizunguka Ulaya kikihoji mapadri, wenyeviti wa vijiji na wachimba makaburi, kikifungua makaburi na kutafuta vitu vidogo: alama ya dobi ndani ya kola, nembo ya bawa moja yenye herufi AG ya mpiga bunduki, saizi ya buti, meno, namba iliyogongwa kwenye bunduki au injini. Waliopotea walikuwa zaidi ya 41,000, na zaidi ya nusu walipatiwa kaburi lenye jina. Kazi kubwa kwa watu waliokuwa na gari aina ya Jeep, koleo na daftari. Waliobaki bila kaburi linalojulikana, zaidi ya 20,000, ndio walioandikwa Runnymede, juu ya kilima kando ya Mto Thames, ukumbusho uliozinduliwa Oktoba 1953.

Kwa hiyo jina la ukutani lina maana mojawapo kati ya hizi: hakupatikana kabisa, au alipatikana na amezikwa, ila haikuwezekana kusema ni yeye. Hii ya pili ndiyo ningeifuatilia kwanza. Tafuteni namba za makaburi ya wale wanne kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, muone eneo (plot), mstari na namba. Kama ni la pamoja litaandikwa hivyo. Kisha angalieni mawe yaliyo jirani nao kwenye mstari huohuo. Jiwe lililoandikwa tu kwamba ni mwanahewa wa vita vya 1939-1945, bila jina, katikati au pembeni mwao, ni la kuuliza. Si ushahidi, lakini kuna kesi za aina hiyo zilizofunguliwa upya baada ya miaka 70 na jiwe likabadilishwa.

Ile barua ya "sanamu za kutishia" ningeitunza kuliko hata telegramu. Kwa Kiingereza waliziita "scarecrow", sanamu ya kutishia ndege shambani. Kwa Kiswahili jina hili limekaa vizuri kuliko hata kwa Kiingereza, maana ndege wa shambani na ndege ya angani ni neno moja. Marubani waliona usiku mpira mkubwa wa moto ukilipuka ghafla angani na vipande vinavyowaka vikidondoka polepole. Wakaambiana, na hata wakubwa wao wakaliacha liaminike, kwamba Mjerumani anarusha kombora linaloigiza ndege inayolipuka ili kuwavunja moyo. Kombora hilo halikuwahi kuwepo. Walichokiona ni ndege za wenzao.

Na kilichozilipua hawakukijua kwa miezi mingi. Tangu 1943 ndege za kivita za usiku za Wajerumani zilifungwa mizinga miwili iliyoelekezwa juu kwa pembe, nyuma ya chumba cha rubani. Rubani alijipenyeza chini ya tumbo la Lancaster, mahali ambapo hapakuwa na dirisha wala bunduki, akalinganisha mwendo, akalenga tangi la mafuta kati ya injini mbili za bawa. Hakulenga tumbo, kwa sababu mabomu yangemlipukia yeye mwenyewe. Risasi hazikuwa na mkia wa moto unaong'aa, hivyo hata aliyekuwa akitazama hakuona zilikotoka. Usiku wa Nuremberg mambo yaliwaharibikia zaidi: mwezi ulikuwa unang'aa, baridi ikafanya injini ziache michirizi myeupe nyuma, na njia iliyochaguliwa ilikuwa mstari mnyoofu wa zaidi ya kilomita 400 kutoka Ubelgiji kuingia Ujerumani, ukipita karibu na minara miwili ya redio ya kuongozea ndege, ambako ndege za Kijerumani zilikuwa zimeshakusanyika. Nyingi ziliangushwa kabla ya kufika mjini.

Nakueleza haya kwa sababu swali ambalo hujaliandika, lakini bibi atakuwa nalo, ni kama kaka yake angeweza kuona, kuonya, au kuruka kwa parachuti. Kuona chini asingeweza. Kuruka kulikuwa na hatua zake. Kizimba cha mkiani, alimokaa na bunduki zake, kilikuwa kidogo kiasi kwamba kwenye ndege nyingi parachuti haikuingia, ilitundikwa nje yake, ndani ya kiwiliwili cha ndege. Ilibidi akinyooshe kizimba, afungue milango ya nyuma yake, anyooshe mkono achukue parachuti, aifunge kifuani, kisha akizungushe kizimba upande na kujitupa kinyumenyume. Kizimba kilizungushwa kwa haidroliki inayosukumwa na injini. Injini ikifa, kinazungushwa kwa mkono. Fanya hayo ukiwa na nguo nne, glavu mbili, katika baridi inayoweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, huku ndege inazunguka kama kishada kilichokatika uzi. Wale wa mbele walikuwa na mlango mwembamba sakafuni kwenye pua. Takwimu za wakati wa vita zilionyesha kwamba katika Lancaster zilizoangushwa, kati ya watu 10 alitoka salama mmoja au wawili. Wawili kupona katika saba tayari ni bahati.

Je, aliungua? Hakuna faili litakalosema alihisi nini, na atakayewaambia anajua msimwamini. Kinachoweza kupatikana ni ndege ilipigwa wapi, ililipuka angani au chini, na mwili ulikutwa ndani au nje.

Mnauliza pa kuanzia. Ushauri wangu wa kwanza: acheni kumtafuta mtu, itafuteni ndege. Mtu mmoja ana karatasi chache. Ndege ina watu saba, familia saba na namba moja. Fungueni daftari lake, safu yenye aina ya ndege na namba. Namba kamili ya wakati ule mara nyingi ni herufi mbili na tarakimu tatu, au kwa ndege za zamani kidogo, herufi moja na tarakimu nne. Mara nyingi wapiga bunduki waliandika herufi moja tu ya mwito wa ndege, na hapo itabidi muipate namba kwingine. Safari za usiku kwa kawaida ziliandikwa kwa wino mwekundu. Mkiona DCO maana yake kazi ilifanyika, DNCO haikufanyika. "Gardening" ni kutega mabomu baharini, wala si bustani. Mstari wa mwisho kwa kawaida si mwandiko wake: karani aliujaza, akaacha saa za kuruka wazi. Mhuri ule ni wa kufungia daftari baada ya kifo kukubaliwa. Mshukuruni aliyelidai, kwani mengi yaliyobaki bila kudaiwa yaliharibiwa baadaye.

Kisha nendeni kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, iliyoko Kew, London. Kumbukumbu za kila kikosi ziko mfululizo wa AIR 27 na zinapakuliwa mtandaoni. Humo mtapata majina yote saba, namba ya ndege na saa ya kuruka. Faili za idara ya waliopotea ziko AIR 81. Hizi zinafunguliwa kwa awamu kufuata tarehe ya tukio, kwa hiyo angalieni kwenye katalogi kama lenu lipo. Ndimo huwa mna barua za wazazi, maelezo ya walionusurika na ripoti ya waliofungua makaburi. Wawili waliorudi kutoka kifungoni huenda walijaza fomu zilizo WO 344, ingawa fomu hizo huuliza zaidi juu ya kambi kuliko juu ya ndege. Bila kusafiri, hifadhidata ya kituo cha kumbukumbu ya kamandi ile kilichopo Lincoln ni bure na ina ukurasa kwa kila aliyekufa.

Njia ya mkato ni kuuliza kama kati ya saba kulikuwa na Mkanada au Mwaustralia. Ndege nyingi zilikuwa na mchanganyiko. Unaweza kukuta rubani alitoka Queensland, Australia, mtu wa redio Toronto, Kanada, wengine Yorkshire, Uingereza. Australia imeweka faili za vifo vya wanahewa wake mtandaoni bure, mfululizo wa A705, na Kanada imefungua faili za wanajeshi wake waliokufa. Kwa kuwa tukio ni moja, faili la Mwaustralia linaeleza kilichowapata wote. Kuna familia za Kiingereza zilizohangaika miaka mingi kumbe jibu liko Canberra. (Kwa wasomaji wenye babu waliokuwa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki: jina la askari aliyekufa linatafutwa kwenye tovuti ileile ya Tume. Wanajeshi wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail Februari 1944 wameandikwa kwenye ukumbusho wa Nairobi.)

Mkipata hoja ya maana juu ya kaburi lisilo na jina, msimwandikie kanisa wala kijiji cha Ujerumani kwanza. Ipelekeni Tume, na nakala za nyaraka kwa mpangilio wa tarehe. Ikionekana ina uzito, kitengo cha Wizara ya Ulinzi kinachoshughulika na waliofariki zamani ndicho huamua. Inachukua miaka. Semeni hivyo kwa bibi mapema. Na wakitokea watu wanaojitolea kuwachimbia mabaki ya ndege kwa malipo, kataeni: nchi nyingi zinataka kibali, na bomu la mwaka 1944 bado ni bomu.

Kuhusu kidonda. Bibi ndiye aliyeomba, na hilo lina uzito kuliko hofu yako. Ila muulize kwanza anataka kujua kiasi gani, na usikubali jibu la "kila kitu" siku ya kwanza. Soma faili peke yako kabla hujamsomea, kwa sababu ripoti za makaburi hueleza miili kwa lugha ya bucha. Anza na yale yanayomrudishia kaka: saa aliyoruka, majina ya wenzake, mahali. Aliyempoteza mtu bila kumzika hubaki na mlango ambao haujafungwa, na wazee wengine huumia zaidi mlango unapofungwa. Akianza kukosa usingizi usiku mfululizo, kuacha kula, au kuongea kana kwamba ni 1944, simamisha na mpeleke kwa daktari wake. Usichukulie ni uzee tu.

Huenda pia akauliza chini kulikuwa na nani. Mjibu kweli. Kaka yake alikuwa kijana aliyetumwa, na miji waliyoipiga ilikuwa na watoto wa umri wake. Hamburg, Julai 1943, walikufa makumi ya maelfu katika usiku chache. Sijaona familia iliyopata amani kwa kuambiwa nusu ya habari hiyo.

Kabla hujaandika ombi lolote, rudini kwenye sanduku na bibi mkalitoe kila kitu mpaka karatasi ya chini. Ilikuwa desturi familia za ndege moja kupewa anwani za wenzao, na mama saba wakawa wanaandikiana: wewe umesikia nini, mimi nimepata kadi ya Geneva. Tafuteni bahasha yenye mwandiko wa mwanamke asiye wa ukoo na stempu ya mji msioujua. Wale wawili waliorudi, kama walimwandikia mama wa kaka yake mwaka 1945, barua hiyo ina maelezo ambayo hayapo Kew. Ikipatikana, isilaminetiwe wala kubandikwa gundi. Ipigeni picha pande zote mbili, pamoja na bahasha.